Kununua, kupokea, kuchapa au kutunga: vitabu gani viingie darasani Kigoma?

Mahindi ya shamba la shule yalikuwa yameuzwa, na kamati ikakaa kuamua fedha ziende wapi. Mjumbe mmoja alitaka madawati, mwingine jezi za timu. Mimi nikaomba vitabu vya hadithi. Mzee mmoja wa kamati akanitazama kwa mshangao wa kweli: "Mwalimu, si serikali inaleta vitabu?"

Inaleta. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinafika, na bila hivyo hakuna kusoma. Lakini kitabu cha kiada kina kazi yake: kufundisha somo lilelile kwa mtoto wa Kibondo, wa Mtwara na wa Moshi. Nilichokuwa naomba ni vitabu ambavyo mtoto wa Kasulu anajikuta ndani yake, halafu anamkuta na jirani yake ambaye hamjui vizuri. Nimefundisha darasa la kwanza na la pili wilayani Kasulu kwa miaka mingi, na njia za kupata vitabu hivyo nimezijaribu zote ninazozieleza hapa. Naziweka ubavu kwa ubavu ili mwalimu au kamati yenye fedha chache ijue ianzie wapi.

Hesabu watoto kabla ya kuhesabu vitabu

Chukua daftari la mahudhurio usome majina polepole. Darasani kwangu wengi ni Waha, na baadhi yao wanafika darasa la kwanza Kiswahili wakikisikia tu kwa mbali. Nyumbani ni Kiha asubuhi mpaka usiku. Wapo Wabembe na Wamanyema ambao wazazi wao wamepanda kutoka Ziwa Tanganyika. Wapo watoto wa wafugaji wa Kisukuma. Wapo wanaolelewa na bibi. Wapo ambao babu zao walivuka kutoka Burundi, na bado wenzao huwaita "wakimbizi" wakigombana. Yupo mtoto mwenye ualbino anayesogeza daftari mpaka karibu liguse pua. Yupo kiziwi.

Wilaya yetu inajua uzito wa jambo hili. Mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino yalipopamba moto kuanzia miaka ya 2007 na 2008, Shule ya Msingi Kabanga, hapa Kasulu, ilikuwa kimbilio la watoto wengi. Watoto hao walikaa madarasani wakasoma hadithi kama wenzao. Je, katika hadithi hizo walikuwamo?

Mwaka 1990 msomi wa Marekani, Rudine Sims Bishop, aliandika kwamba kitabu kinaweza kuwa kioo cha kujitazama, kinaweza kuwa dirisha la kuwatazama wengine, na kinaweza kuwa mlango wa kioo ambao msomaji anausukuma na kuingia. Aliandika akiwafikiria watoto weusi wa Marekani, waliokuwa wakisoma vitabu vilivyojaa watoto weupe. Kwetu tatizo si rangi, lakini kioo tunakikosa vilevile: hadithi inakwenda mjini, baba ana gari, mama yuko jikoni kwenye nyumba ya vigae, na mtoto mlemavu, akitokea, amekaa pembeni akisubiri kusaidiwa.

Kipimo changu ni kidole. Nafungua kitabu, naweka kidole juu ya kila mtu kwenye picha na kuuliza: huyu anafanya nini? Msichana akiwa anachota maji ukurasa wa pili, wa tano na wa tisa, na mvulana ndiye anayegundua mwizi wa mbuzi, kitabu hicho nakirudisha au nakisoma pamoja na maswali. Mtoto mwenye ualbino akiwa kazi yake ni kuonewa huruma tu, nakirudisha. Vitabu vya zamani vina maneno pia: ukikuta mtu anaitwa "zeruzeru" na hakuna mhusika anayelipinga neno hilo, funga. Watoto hulibeba neno mpaka uwanjani kabla hujamaliza kusoma ukurasa.

Sasa njia zenyewe.

Boksi la msaada

Hili ndilo linalopendeza machoni. Lori linasimama, maboksi yanashushwa, tunapiga picha. Mashirika yanayotuma vitabu yapo na yanafanya kazi kubwa. Book Aid International la Uingereza, kwa mfano, lilianza mwaka 1954 na hutuma vitabu vipya vinavyotolewa na wachapishaji wa huko. Karatasi ni nzuri, picha zina rangi, na hulipi.

Tatizo ni lugha. Shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, na vitabu hivyo karibu vyote ni vya Kiingereza. Mtoto wa darasa la pili ambaye ndiyo kwanza anajifunza kuunganisha silabi za Kiswahili, ambacho kwake tayari ni lugha ya pili, hawezi kukisoma. Atatazama picha.

Lakini nisiwe mchoyo wa sifa. Tuliwahi kupata boksi lenye kitabu cha watoto wanaocheza kwenye theluji. Nilikiweka kando nikidhani hakitufai. Mtoto mmoja, ambaye baba yake amefanya kazi kwenye chumvi ya Uvinza, akakichukua akawaambia wenzake kwamba nchi hiyo ardhi yake yote ni chumvi. Wakabishana nusu saa. Wakaja kuniuliza kwa nini watoto hao wanacheza kwenye chumvi na hawawashwi. Siku hiyo nilifundisha somo la hali ya hewa ambalo sikuwa nimeliandaa, na lilieleweka kuliko nililoandaa. Kitabu kilikuwa dirisha hasa. Kwa hiyo boksi lina nafasi yake, ila si kwa kuanzia, na si kwa madarasa ya chini bila mwalimu wa kusimulia picha.

Jambo moja la kiofisi. Vitabu vya ziada vinavyotumika shuleni vinatakiwa kuwa na ithibati, yaani kibali cha kutumika shuleni, na Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 vya ziada kutumika katika shule za nchi hii. Boksi la msaada halibagui. Huja na kila kitu. Mwalimu wa taaluma akae na boksi zima, asome, atenge, na mwenye shaka aulize kwa mdhibiti ubora wa shule kabla kitabu hakijafika mikononi mwa mtoto.

Kununua

Vitabu vya hadithi vya watoto vya Kiswahili vipo, na ni vizuri kuliko walimu wengi wanavyodhani. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza mwaka 1991 kwa sababu hiyohiyo: watoto wa Tanzania walikosa vitabu vya kusoma vilivyoandikwa na Watanzania. Mwaka huohuo Walter Bgoya alianzisha Mkuki na Nyota. Ukilinganisha kitabu cha wachapishaji wa nyumbani na cha boksi, cha nyumbani kinashinda pale panapouma zaidi: kinasomeka na mtoto peke yake, bila mwalimu. Mtoto anakaa chini ya mwembe, anasoma, anacheka. Hakuna njia nyingine kati ya hizi inayokupa Kiswahili kilichohaririwa vizuri hivyo.

Kinachotukwamisha ni umbali. Duka lenye vitabu vingi vya watoto liko Dar es Salaam, mwisho wa pili wa Reli ya Kati. Madukani kwetu utapata madaftari, vitabu vya kiada na vya kujiandaa na mitihani, na hadithi chache zilezile. Ukiagiza, nauli ya mzigo inaingia kwenye bei ya kila kitabu. Ndiyo maana nashauri shule tatu au nne za kata moja ziagize pamoja, mzigo mmoja, halafu wazungushe vitabu kila muhula. Afisa elimu kata anaweza kulisimamia hilo bila fedha ya ziada.

Na hata ukinunua, Kigoma utaipata kwa nadra. Utapata pwani, utapata Kilimanjaro, utapata simba na sungura wa mbuga zisizotajwa jina. Mtoto anayelala akisikia injini za mitumbwi ikienda kuvua dagaa kwa taa, au anayewasaidia wazazi kukamua mawese, hamwoni mtu wa kwao. Utapata mtoto wa kike shujaa, siku hizi wapo. Mtoto kiziwi au mwenye ualbino aliye shujaa utamtafuta.

Kabla ya kutoa hata shilingi, fungua kabati la mwalimu mkuu. Mpango wa EQUIP-T, wa kuboresha elimu ya msingi, ulifanya kazi Kigoma na Tabora kati ya 2014 na 2020, na shule nyingi zilipokea vijitabu vya hadithi vya Kiswahili kwa ajili ya madarasa ya kwanza na ya pili. Nimeingia shule zaidi ya moja nikavikuta vikiwa vipya, vimefungiwa visichakae.

Kuchapa wenyewe

Njia hii wengi hawaijui, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Tangu mwaka 2014 taasisi ya Saide ya Afrika Kusini inaendesha maktaba ya mtandaoni iitwayo African Storybook. Humo mna hadithi fupi zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. India nako Pratham Books wana maktaba kama hiyo, StoryWeaver, tangu 2015. Leseni ya maktaba hizi ni huria: unaruhusiwa kupakua, kuchapa, kutafsiri, hata kubadilisha, mradi uwataje mwandishi na mchoraji. Huhitaji kumwomba mtu.

Hesabu yake ni hii. Karatasi moja ya A4 ukiikunja katikati inakupa kurasa nne. Kijitabu cha kurasa 16 kinakula karatasi nne, pande mbili. Stesheneri ikitoza shilingi 100 kwa upande mmoja, kijitabu kizima ni shilingi 800. Ongeza jalada la karatasi ya manila na pini mbili. Hakuna kitabu cha dukani utakachokipata kwa bei hiyo, na ukihitaji nakala kumi za hadithi moja ili kundi zima lisome pamoja, unazipata siku hiyohiyo.

Ukilinganisha na kununua, hapa unapoteza rangi na unapoteza uimara. Picha ya rangi ikichapwa nyeusi inaweza kuwa tope. Chagua hadithi zenye michoro ya mistari. Na Kiswahili chake si sawa kila mahali, kwa sababu watafsiri wengi ni wa kujitolea. Nimekuta sentensi ambazo hakuna Mswahili angezisema. Soma kwa sauti kwanza, sahihisha, ndipo uchape, leseni inakuruhusu. Ithibati nayo isikutoke akilini: mwoneshe mwalimu mkuu orodha ya unachotaka kuchapa.

Ila kuna mtoto mmoja ambaye kwake njia hii inashinda zote, naye ni yule anayesogeza daftari kwenye pua. Watoto wengi wenye ualbino wana uoni hafifu. Hawahitaji nukta nundu, yale maandishi ya kusoma kwa vidole, wanahitaji maandishi makubwa. Kitabu cha dukani kina saizi moja, basi. Unachokichapa mwenyewe unakitoa kwa saizi unayoitaka: herufi za 18 na kuendelea. Na kama huna kompyuta, mwambie mwenye mashine ya fotokopi akuze A4 iwe A3, yaani asilimia 141. Herufi ya 14 inakuwa karibu 20. Chagua karatasi isiyong'aa, wino mweusi, na umkalishe mtoto ambapo mwanga hautoki mbele ya macho yake. Mara ya kwanza nilipompa mwanafunzi wangu hadithi ya A3, hakusema chochote. Aliinyoosha juu ya meza, akakaa wima. Sikuwahi kumwona amekaa wima akisoma.

Kwa mtoto asiyeona kabisa, mashine ya stesheneri haitoshi. Hapo ni nukta nundu, na ni lazima uwasiliane na shule yenye kitengo cha elimu maalumu na mwalimu aliyesomea. Tabora wana Shule ya Furaha ya wasioona. Huku kwetu anza na ofisi ya elimu maalumu ya halmashauri.

Kutunga darasani

Mambo matatu unahitaji: karatasi, mtu wa kusimulia, na uvumilivu. Tunatumia karatasi za manila, na jalada tunakata mfuko wa saruji uliokung'utwa vizuri. Gundi ni uji mzito wa unga wa muhogo, ambao hapa hakuna nyumba inayoukosa. Uzi na sindano ya magunia kwa kushona mgongo.

Mtu wa kusimulia ni mzazi au babu. Tulimwita bibi mmoja ambaye enzi zake alikuwa akinunua migebuka, samaki wa ziwani, kwenye mwalo wa Kibirizi na kuipandisha mpaka sokoni kwetu. Alisimulia kwa Kiha, watoto wakacheka mahali ambapo mimi, nisiye Muha, nilichelewa. Baadaye tukaandika kwa Kiswahili ubaoni, sentensi moja moja, watoto wakibishana neno gani linafaa. Maneno mawili matatu yaligoma kutafsirika tukayaacha kwa Kiha. Kisha wakachora. Mtoto kiziwi alichora ukurasa wa dhoruba, na hakuna aliyechora ziwa kama yeye; ndiyo picha ambayo kila mtu hufungulia kwanza.

Nimeulizwa kwa nini tusiandike kizima kwa Kiha. Lugha ya shule ni Kiswahili, mitihani ni Kiswahili, na darasani wapo wasiojua Kiha. Lakini kusikia hadithi kwa lugha ya nyumbani kabla ya kuisoma kwa Kiswahili kumewafungua watoto ambao mwezi mzima hawakuwahi kunyoosha mkono. Sitaki kuipoteza hatua hiyo.

Historia nayo inaingia kwa njia hii. Watoto wetu wanajua Livingstone na Stanley walikutana Ujiji mwaka 1871. Ni wachache wanaojua kwamba Heru, hapahapa Buha, nchi ya Waha, iliwahi kutawaliwa na mwanamke, Mwami (yaani mtawala) Tereza Ntare. Tulitengeneza kijitabu cha kurasa nane. Wasichana wawili wakagombania nani aandikwe jina kama mchoraji wa kiti chake.

Ubaya wake? Ni nakala moja. Watoto 70 hawasomi nakala moja. Inachukua wiki mbili za vipindi vya mchana, na mwalimu mwenye mikondo miwili hana wiki hizo. Makosa ya tahajia ni yako mwenyewe. Na ni kioo kitupu: watajiona wao, hawataona Zanzibar wala theluji. Uangalifu mwingine ni huu, usimfanye mtoto aliye peke yake kuwa mada. Usitangaze "leo tunaandika kitabu cha mwenzetu mwenye ualbino". Mpe nafasi ya kuchora, kusimulia, kuwa golikipa ndani ya hadithi ya mpira. Hilo linatosha.

Maktaba na simu

Kwa ufupi: Bodi ya Huduma za Maktaba ina maktaba za mikoa, na shule iliyo mjini Kigoma au Tabora itumie hiyo kabla ya kununua chochote. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu inasomeka bila malipo, ila simu moja ya mwalimu kwa darasa zima ni ya kusomea kwa sauti, hakuna zaidi.

Ningechagua nini

Darasa la kwanza na la pili, ambako Kiha bado kina nguvu: tunga vitabu viwili kwa muhula, chapa hadithi tano kwa nakala kumi kumi, na tumia vya kabatini. Usinunue bado.

Darasa la tatu na la nne: nunua. Hapa mtoto anasoma peke yake, na anahitaji Kiswahili kilichopikwa kikaiva. Fedha yote ya mahindi ingekwenda huku. Ukiwa na uchaguzi kati ya nakala 30 za kitabu kimoja na nakala tatu tatu za vitabu kumi, chukua vitabu kumi; kitabu kimoja hakiwezi kubeba watoto wote wa darasa lako.

La tano mpaka la saba, fungua boksi la msaada na uende maktaba. Wana maswali makubwa na Kiingereza kidogo cha kuanzia.

Shule zilizo jirani na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na vilevile upande wa Ulyankulu kule Tabora walikopokelewa Warundi wa 1972 na wengi baadaye wakapewa uraia, zianze na kutunga. Hadithi ya mtoto aliyehama, ikisimuliwa na bibi wa mwanafunzi anayekaa dawati la tatu, inafanya kazi ambayo kitabu cha mbali hakiifanyi. Sijalisikia lile neno la kugombana, "wakimbizi", darasani kwangu tangu tulipoisoma yetu. Uwanjani bado nalisikia.

Mwenye mtoto wa uoni hafifu darasani aanze na fotokopi ya A3 kesho, kabla ya kikao chochote.

Kamati yetu, kwa taarifa tu, iligawa: nusu madawati, nusu vitabu. Tulifunga kamba ukutani toka dirisha hadi dirisha tukavining'iniza, kwa sababu ofisini vingefungiwa. Vimechakaa. Kile cha bibi wa migebuka tumeshakishona mgongo mara tatu, na ukurasa wa dhoruba umepasuka pembeni kwa vidole.